Kabla hujamwita mtoto msumbufu, angalia taa ya chumbani

SEHEMU YA 1: NANI KAGEUZA USIKU?

Wiki hii naongelea taa. Ndiyo, taa ya umeme, ile balbu inayoning'inia katikati ya chumba mnacholala.

Kliniki ya watoto, baada ya kupima uzito, malalamiko ninayoyasikia kuliko yote ni haya: "Nesi, huyu mtoto kageuza usiku kuwa mchana." Mchana analala fofofo hata mkipiga ngoma. Usiku saa 6 macho kodo, anataka kucheza. Mama macho mekundu, baba kahamia kwenye kochi, mama mkwe kashasema mtoto kapigwa jicho.

Basi mimi namuuliza mama maswali mawili. Usiku chumba chenu kina taa gani? Na mchana pazia liko wapi? Wengi wananishangaa, lakini majibu yanafanana. Usiku ile taa kubwa inawaka mpaka saa 5 au saa 6, na wengine hawaizimi kabisa "kwa sababu nanyonyesha". Mchana pazia limeshushwa, mlango umerudishwa, kwa sababu mtoto mchanga hatakiwi kupigwa na upepo.

Sasa tuambizane ukweli jamani. Hapo nani kageuza usiku kuwa mchana? Mtoto au sisi?

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea mpaka sehemu ya mwisho: taa ya chumbani ni jambo la afya, kama chandarua na maji safi. Chumba cha mtoto kinatakiwa kiwe na mchana wake na kiwe na usiku wake. Vingi havina kimojawapo.

Nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu najua kinachofuata usingizi ukikosekana. Watu wanatafuta njia ya mkato. Kuna mama anashauriwa na jirani ampe mtoto kijiko cha dawa ya mafua au ya kikohozi "mlale wote". Mama, USIFANYE HIVYO. Baadhi ya dawa hizo zinalevya, na mtoto mchanga zinaweza kumlegeza mpaka kupumua kukawa kwa shida. Dawa hapewi mtoto ili mkubwa apumzike. Kabla hujafika huko, anza na swichi ya ukutani.

SEHEMU YA 2: SAA ILIYOMO MWILINI

Sisi tunaoongea Kiswahili tuna kitu kizuri tumekizoea mpaka hatukioni. Saa yetu inafuata jua. Jua linachomoza kwenye saa 12, tukipiga hatua moja ni saa 1 asubuhi. Likizama kwenye saa 12 jioni, tunaanza kuhesabu upya, saa 1 ya usiku. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua letu halina maringo. Mwaka mzima mchana na usiku vinakaribiana kulingana.

Mwili nao una saa ya namna hiyohiyo. Iko ndani ya ubongo, na karibu kila kiungo kina saa yake ndogo inayoifuata hiyo kubwa. Mwaka 2017 wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuonyesha saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Walichunguza vile vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu. Hata kanzi kana saa yake, sembuse mwanao.

Saa hiyo inarekebishwa na nini? Na mwanga unaoingia machoni, kuliko kitu kingine chochote. Nyuma ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa siyo kuona sura ya mtu wala rangi ya kanga. Kazi yake ni kuuambia ubongo: sasa ni mchana, sasa ni usiku. Na seli hizo zinashtuka zaidi kwa mwanga wenye bluu nyingi, kama ule wa anga la mchana.

Giza likiingia, ubongo unatoa homoni inaitwa melatonini. Msiifikirie kama kidonge cha usingizi. Ifikirieni kama mpiga mbiu anayepita mwilini kutangaza kwamba usiku umeingia, kila mtu ajiandae kulala. Ukimmulika mpiga mbiu na taa kali, anarudi ndani. Mwili haujapata tangazo, na wewe unashangaa kwa nini hakuna aliyelala.

Sasa mtoto mchanga. Tumboni alikuwa anatumia saa ya mama yake. Akizaliwa, saa yake mwenyewe bado haijapangwa. Mdundo wake wa melatonini unaanza kuonekana akiwa na umri wa miezi miwili mitatu hivi. Kwa hiyo wiki za mwanzo ataamka usiku kunyonya kila baada ya saa mbili tatu, na ni sawa kabisa, ndivyo anavyotakiwa. Taa haitamfanya mtoto wa wiki tatu alale hadi asubuhi, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Taa inafanya mambo mawili: inamfundisha mtoto taratibu kipi ni usiku na kipi ni mchana, na inawasaidia nyote wawili kurudi usingizini haraka baada ya kunyonya.

Halafu Mungu ni fundi. Maziwa ya mama ya usiku yana melatonini, ya mchana karibu hayana. Mama anamtumia mwanae taarifa ya saa kupitia ziwa! Kama unakamua maziwa kwa sababu umerudi kazini, andika saa kwenye chupa. Ukiweza, ya usiku mpe usiku, ya mchana mpe mchana.

SEHEMU YA 3: ILE BALBU NYEUPE

Nenda kachukue boksi la balbu yako, kama hujalitupa. Kuna namba mbili. Ya kwanza imeandikwa W, hiyo ni umeme inaokula, ndiyo inayogusa LUKU yako. Ya pili imeandikwa K, na hiyo watu hawaiangalii kabisa. K inakuambia rangi ya mwanga.

2700K hadi 3000K ni mwanga wa njano, unafanana na moto wa jioni.
4000K uko katikati.
6500K ni mweupe wenye ubluu, umeigizwa mwanga wa anga la mchana.

Balbu nyingi zilizojaa madukani kwetu ni hizo za 6500K. Maana yake saa 4 usiku, mtoto kashavaa soksi, kashasomewa dua, juu yake linaning'inia anga la mchana.

Sizitukani balbu hizi. Zinakula umeme kidogo na zimewatoa watu wengi kwenye kibatari. Waliogundua namna ya kutengeneza ile taa ndogo ya bluu iliyowezesha balbu hizi nyeupe, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipata Nobel ya fizikia mwaka 2014, na walistahili. Jikoni iache. Kwenye cherehani iache. Sebuleni mtoto anapofanya hesabu za shule, iache. Ugomvi wangu nayo ni chumbani, kuanzia saa 2 usiku.

Watoto mwanga unawagusa zaidi yetu. Mboni zao zinafunguka zaidi na lenzi ya jicho bado ni safi kama kioo kipya, kwa hiyo mwanga mwingi unapita. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani waliwaweka watoto wa miaka 3 hadi 5 kwenye mwanga mkali kwa saa moja kabla ya kulala. Melatonini yao ilishuka kwa karibu asilimia 90, na dakika 50 baada ya taa kuzimwa ilikuwa bado haijarudi. Walikuwa watoto 10 tu, na taa ile ilikuwa kali kuliko ya chumbani kwako, lazima niwe mkweli. Ila mwaka 2022 watafiti haohao walirudia na mwanga wa viwango mbalimbali, hata ule hafifu, na bado melatonini ilishuka sana. Kwa hiyo ukizima taa saa 3 kamili na kutaka mtoto alale saa 3 na dakika tano, unamwonea. Mwili wake bado uko mchana.

Na kuna jambo moja ambalo halihitaji mtafiti. Wewe ukisimama chumbani, balbu iko juu ya kichwa chako, huioni. Mtoto aliyelala chali, balbu iko USONI. Leo fanya hivi: lala chali pale pale anapolala mwanao, tazama juu kwa dakika moja bila kugeuza shingo. Ukishindwa kuvumilia wewe mwenye miaka 28, utajua kwa nini anajikunjakunja.

SEHEMU YA 4: NA MCHANA JE?

Wanaoongelea usingizi wanaongelea usiku tu. Mimi nasema nusu ya usingizi wa usiku inatengenezwa asubuhi.

Mwanga unapimwa kwa lux. Chumba chenye taa ya kawaida kinaweza kuwa na lux mia moja au mia tatu. Chumba chenye pazia zito mchana, chini ya hapo. Ukitoka nje ukakaa kivulini chini ya mwembe, unapata lux nyingi zaidi, mara nyingi maelfu. Kivulini! Macho yetu yanazoea haraka, ndiyo maana hatuoni tofauti, lakini ile saa ya mwilini inaiona. Mama aliyeshinda ndani siku nzima na pazia limeshushwa, mwili wake haukupata mchana. Na asiyepata mchana, usiku wake unakuwa haueleweki.

Hapa najua nagusa arobaini. Naheshimu arobaini. Mama aliyejifungua anatakiwa apumzike, apikiwe, akandwe, asibebe ndoo. Ni desturi yenye akili kuliko kumrudisha mama kazini baada ya wiki mbili. Lakini kupumzika siyo kufungiwa gizani. Mtoto anaweza kulindwa na upepo na baridi huku dirisha lina mwanga. Pandisha pazia asubuhi. Saa 1 hadi saa 3, kaa kibarazani na mwanao kivulini, amevaa vizuri, dakika ishirini thelathini, unakunywa uji wako. Mtoto akilala mchana, alale kwenye chumba chenye mwanga na sauti za kawaida za nyumbani. Hakuna haja ya kunyamazisha mtaa.

Mwanga wa asubuhi unasaidia hata moyo wa mama. Siyo dawa, lakini unasaidia. Ukiona huzuni, kulia bila sababu, au kutokutaka hata kumshika mtoto vimezidi wiki mbili, njoo kituo cha afya tuongee. Usingoje mpaka uvunjike. Na ukijiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usihesabu wiki, mwambie mtu wa karibu na uje siku hiyohiyo.

Kuna sababu ya pili ya kufungua pazia, na hii inaokoa maisha. MANJANO. Mtoto mchanga anaweza kupata manjano siku za mwanzo, na kwenye chumba chenye giza au chini ya balbu ya njano huwezi kuiona. Kila siku katika wiki ya kwanza, mpeleke mtoto karibu na dirisha, kwenye mwanga wa mchana. Angalia weupe wa macho, angalia fizi, angalia viganja na nyayo. Watoto wetu weusi usitegemee ngozi ya uso. Ukiona manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au imefika viganjani na nyayoni, au mtoto amelegea na hanyonyi, kwenda hospitali ni SIKU HIYOHIYO.

Na usimuanike juani ukisema unamtibu. Historia yenyewe inapendeza, acha niwaambie. Miaka ya 1950 kule Uingereza, hospitali ya Rochford, nesi mmoja, Sister Ward, alikuwa na tabia ya kuwatoa watoto njiti nje wapate jua. Wakagundua kwamba sehemu ya ngozi iliyopigwa na mwanga inapungua manjano. Kutoka hapo madaktari wakatengeneza tiba ya taa, ile ya mwanga wa bluu mnayoiona wodi ya watoto wachanga. Nesi mwenzetu ndiye aliyefungua macho ya watu! Lakini leo hospitali tunatumia taa iliyopimwa, macho ya mtoto yamefunikwa, joto lake linaangaliwa. Jua la kwetu litamuunguza na kumkausha maji kabla halijamtibu.

SEHEMU YA 5: CHUMBA KIMOJA, TAA MBILI

Najua wengi mnaishi chumba kimoja, au chumba na sebule. Kitanda, jiko la gesi, televisheni na mtoto, vyote ndani ya kuta nne. Sitawaambia mjenge chumba cha mtoto. Nawaambia mnunue taa ya PILI.

Taa ya kwanza ni ya kazi. Ni hiyo iliyoko darini, iacheni hapo. Taa ya pili ni ya usiku: ndogo, ya njano, na iko CHINI. Inaweza kuwa ya kuchomeka kwenye soketi au taa ya mezani yenye balbu ya W 3. Iweke chini ya usawa wa godoro, au nyuma ya kabati, mwanga wake upige ukutani usipige macho. Kama boksi halina namba ya K, mwambie muuzaji aijaribu uione. Ukiwaka mweupe kama karatasi, rudisha. Ukiwaka kama chai ya maziwa, lipa.

Gharama? Balbu ya W 3 ikiwaka saa 10 kila usiku kwa siku 30 haifiki hata uniti moja. Ile ya W 9 ikiwaka hivyohivyo ni karibu uniti tatu. Kwa hiyo baba asiseme nesi kaleta matumizi.

Sasa ratiba, kwa lugha ya nyumbani:

Saa 12 jioni: pika, ogesha, tafuta nguo za usiku na nepi sasa hivi, taa kubwa ikiwaka. Usingoje usiku uanze kufungua masanduku.

Saa 2 usiku, au saa moja kabla ya mtoto kulala: zima taa kubwa, washa ndogo. Televisheni ipunguzwe mwanga na igeuziwe upande ambao mtoto haioni. Bora izimwe, lakini najua kuna taarifa ya habari na kuna mpira.

Usiku wa kunyonyesha: taa ndogo tu. Sauti ndogo. Usimchekeshe, usimwimbie nyimbo za kuruka. Nyonyesha, mcheulishe, mrudishe alale chali. Na simu, mama. Ile simu iliyo sentimita ishirini kutoka usoni pako saa 8 usiku inamulika macho mawili, yako na ya mtoto. Unaingia kuangalia saa, unatoka umeangalia harusi ya mtu usiyemjua. Weka simu mbali, mkono usifike.

Asubuhi saa 12 na nusu au saa 1: pazia juu, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Hasa kama usiku ulikuwa mbaya.

Onyo moja. Usifunike balbu na kanga, kitambaa wala karatasi ili kupunguza mwanga. Inashika joto, inaweza kuwaka moto. Nunua balbu ndogo. Na waya wa taa uwe mbali na mikono ya anayetambaa.

SEHEMU YA 6: MASWALI MNAYONITUMIA

"Bibi kasema mtoto mchanga asilazwe gizani." Bibi ana hoja yake. Mama anayeamka usiku anahitaji kuona, asije akamkanyaga mtu au akamwangusha mtoto. Taa ndogo ya chini inamtosha bibi, inamtosha mama, na haimwamshi mtoto. Hapo hatugombani na mtu.

"Nitajuaje kama mtoto yuko salama?" Taa ndogo inakuonyesha kifua kinapanda na kushuka, inakuonyesha nepi. Lakini ukihisi kitu, joto, pumzi za haraka, rangi isiyoeleweka, washa taa kubwa PALEPALE bila kujilaumu. Usingizi utarudi kesho.

"Umeme ukikatika?" Taa ya sola au tochi ya kuchaji, uielekeze ukutani. Kibatari na mshumaa visiingie chumba anacholala mtoto. Moshi wa mafuta ya taa unaingia kwenye mapafu madogo, moto unadaka chandarua kwa sekunde chache, na mafuta yakiwekwa kwenye chupa ya soda mtoto anayetambaa anakunywa akidhani ni soda. Akiyanywa, usimtapishe wala usimpe maziwa, kimbia hospitali.

"Nasikia taa nyekundu ndiyo bora?" Nyekundu hafifu haisumbui sana ile saa ya mwili, ni kweli. Lakini ya njano inatosha, na haitawafanya majirani waulize umefungua biashara gani.

"Naamka saa 9 usiku kukaanga vitumbua." Hongera kwa kazi, mama. Kama jiko na kitanda viko chumba kimoja, funga kamba utandaze pazia zito katikati, mbali na moto. Taa ya kazi ielekezwe kwenye jiko, isiwe ya darini. Na ukirudi kulala mchana, wewe unahitaji giza lakini mtoto anahitaji mchana. Ndiyo maana shangazi au dada wa kazi anatakiwa atoke naye kibarazani wewe ukilala.

"Mkubwa anasomea chumba hichohicho." Asome. Mpe taa ya mezani inayomulika daftari, ampe mdogo wake mgongo. Mwanga uende kwenye kitabu, siyo chumba kizima. Ila mkubwa naye akimaliza, asihamie kwenye simu kitandani.

SEHEMU YA 7: WEWE UNAYEJENGA

Hii ni ya akina baba, na akina mama mnaojenga kwa vikoba. Fundi umeme wa kwetu ukimwachia mwenyewe, atakuwekea balbu moja katikati ya dari na swichi moja mlangoni. Ukitaka kuzima, unaamka kitandani, unarudi kwa kupapasa, unamgonga mtoto. Ndiyo maana watu wanaacha taa iwake.

Mwambie fundi mambo matatu KABLA hajapiga plasta. Kwanza, taa ya ukutani chumbani, chini, yenye swichi yake. Pili, taa ya darini iwe na swichi mbili, moja mlangoni na nyingine kitandani. Tatu, soketi karibu na kitanda. Wakati wa kutandaza waya ni gharama ndogo. Ukuta ukishapakwa rangi, ni kubomoa.

Kama kiwanja kinaruhusu, chumba cha kulala kipate dirisha upande wa mawio, jua liwaamshe bure. Na ile taa kubwa ya usalama ya nje, ifungwe inamulika geti na uwanja, isimulike dirisha la chumba cha watoto. Mwizi haingilii kitandani.

Kwa unayepanga, usisubiri mwenye nyumba. Pazia zito la usiku linalofunguka lote mchana, na taa moja ya kuchomeka. Ukihama unahama navyo.

SEHEMU YA 8: TAA SIYO MGANGA

Nimeisifia taa, sasa niiwekee mpaka. Mtoto anayelia usiku anaweza kuwa na njaa, joto, mbu, pua iliyoziba, sikio linalouma, au homa. Balbu ya njano haitibu malaria. Mtoto mwenye homa, asiyenyonya, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida, aliyepata degedege au asiyeamka vizuri, hana habari na taa. Mpeleke kituo cha afya usiku huohuo.

Na mjue kiasi cha usingizi anachohitaji, msimlazimishe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019. Kwa siku nzima, pamoja na usingizi wa mchana: miezi 0 hadi 3, saa 14 hadi 17. Miezi 4 hadi 11, saa 12 hadi 16. Mwaka 1 hadi 2, saa 11 hadi 14. Miaka 3 hadi 4, saa 10 hadi 13. Mwongozo huohuo unasema aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Ile katuni ya kumbembelezea, mama, tuiangalie upya.

Wapo watakaosema sisi tulikulia kwenye taa kali na hatukufa. Kweli hatukufa. Lakini mama anayelala saa tatu kwa usiku kwa miezi sita hafi pia. Anachoka, anamfokea mwanae, anagombana na mumewe, anachanganya dawa, anasinzia akiwa na mtoto mkononi karibu na jiko. Mimi hao ndio ninaowaona. Siwezi kuwapa usaidizi wa kazi za nyumbani, siwezi kuwapa likizo ndefu ya uzazi, na sera siandiki mimi. Swichi ninaweza kuwaelekeza.

Anzeni na jambo MOJA usiku wa leo: saa 2, taa kubwa izimwe. Kama huna taa ndogo, acha mlango wa sebuleni wazi kidogo mwanga uingie kwa pembeni. Kesho asubuhi pazia juu. Mpeni mtoto wiki mbili kabla hamjaniambia haisaidii, saa ya mwili haigeuzwi kwa siku moja.

Mtumie mwenzako aliyejifungua karibuni, na mtumie baba watoto, maana ndiye anayependa taarifa ya habari. Maswali yaacheni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu.

Nesi wenu.